Utepe wa LED uliogoma kupungua: kisa cha sebule moja

Mwenye nyumba, mama mmoja, alikuwa na malalamiko matatu. Taa za dari la sebuleni ni kali mno jioni. Ukizungusha kitufe cha ukutani ili uzipunguze, zinachezacheza kisha zinazimika ghafla. Na kisanduku kilichofichwa juu ya dari kinavuma kiasi cha kusikika televisheni ikiwa imezimwa. Lakini lililomkera zaidi alilisema mwisho: "Fundi, mwanga nikiupunguza, umeme unakwenda vilevile. Sasa hapo napunguza nini?"

Ni swali la haki. Wengi wetu tunadhani kupunguza mwanga na kupunguza matumizi ni jambo moja, wakati kwa utepe wa LED inategemea kabisa umekatia umeme wapi katika safari yake kutoka ukutani hadi kwenye vile vitaa vidogo.

Nilichokikuta ni hiki. Dari la jasi lenye mfereji pembezoni, na ndani ya mfereji utepe wa volti 12 wenye vitaa 60 kwa kila mita, ulioandikwa wati 14.4 kwa mita. Urefu wake mita 10, yaani roli mbili za mita 5 zilizounganishwa mkia kwa kichwa na kulishwa umeme kutoka ncha moja tu. Pawa saplai ya wati 200, kile kisanduku kinachovuma, ambacho hugeuza umeme wa nyumba kuwa volti 12, iko juu ya dari, karibu na mlango, na kutoka hapo hadi utepe unapoanzia kuna waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, mita 6. Ukutani, dima (kifaa cha kupunguza mwanga) ya kuzungusha iliyokuwa ikitumika na balbu za uzi kabla dari halijafanywa. Aliyefunga utepe aliiacha ilipo, akapitishia humo umeme unaokwenda kwenye pawa saplai.

Hapo ndipo pa kuanzia, kwa sababu kuvuma na kuchezacheza vyote vilitoka kwenye dima hiyo.

Dima ya aina ile hukata sehemu ya kila wimbi la umeme wa nyumba. Balbu ya uzi haijali. Uzi wake ni kipande cha waya kinachopata moto, na ukikipa umeme kidogo kinapoa kidogo. Pawa saplai ni kitu kingine kabisa. Imeundwa itoe volti 12 bila kujali kinachoingia, mradi kinachoingia kiko ndani ya mipaka yake. Kwa hiyo ukizungusha kitufe mpaka robo, pawa saplai inafidia: inavuta mkondo mkubwa zaidi katika kile kipande cha wimbi kilichobaki, na upande wa pili volti ni 12 zilezile. Mwanga haushuki, matumizi hayashuki, ila dima na saplai zote mbili zinapata taabu, na taabu hiyo ndiyo ule mvumo. Ukiendelea kuzungusha unafika mahali ambapo saplai haiwezi tena kufidia. Inazima, inajaribu kuwaka, inazima tena. Nilipopima mkondo upande wa umeme wa nyumba kitufe kikiwa juu kabisa, kisha kikiwa kimeshushwa kiasi, tofauti haikuwa ya kutaja. Mama yule hakuwa amekosea hata kidogo.

Niseme hapa kwamba zipo pawa saplai zilizotengenezwa makusudi kufanya kazi na dima ya ukutani. Hizo husoma ni kiasi gani cha wimbi kimekatwa, kisha zenyewe zikapunguza upande wa volti 12. Mahali ambapo huwezi kupitisha waya mpya ni njia nzuri. Lakini lazima iwe imeandikwa hivyo kwenye mwili wake, na ile ya juu ya dari haikuwa imeandikwa. Kuiacha na dima ile ni kuingoja iungue, na iko juu ya dari ambako hakuna anayeiona.

Shemeji yake, mtu mwenye mikono myepesi na vifaa vyake, alikuwa na pendekezo: tuachane na dima ya ukutani, tuweke resista kubwa ya kuzungusha, yaani kifaa kinachobana mkondo, upande wa volti 12. Wengi hulicheka wazo hili haraka kwa kusema resista inachoma umeme bure. Mimi nilikaa naye tukapiga hesabu, kwa sababu hesabu hiyo inafundisha jinsi utepe wenyewe unavyokula umeme.

Utepe wa volti 12 umegawanyika katika vikundi vya vitaa vitatu, na kila kikundi kina resista yake ndogo. Ukiinama karibu utaiona, kipande cheusi kisichozidi punje ya mchele, karibu na alama ya mkasi inayoonyesha mahali pa kukata. Kila kitaa cheupe kinahitaji kama volti 3. Vitatu ni volti 9. Volti 3 zinazobaki zinaishia kwenye ile resista ndogo na kugeuka joto. Maana yake, utepe ukiwaka kwa nguvu zote, robo nzima ya umeme unaoingia haigeuki mwanga hata kidogo, inapasha moto kile kipande cheusi. Hiyo si kasoro ya utepe wa nyumba hii peke yake. Ndivyo utepe wa kawaida wa volti 12 ulivyoumbwa, maana bila hiyo resista mkondo ungepanda ovyo na vitaa vingeungua.

Sasa chukua roli moja ya mita 5: wati 72, ampea 6. Ukitaka mkondo nusu, ampea 3, utepe unahitaji kama volti 10.2 tu. Volti 1.8 zilizobaki inazibeba resista ya shemeji, na 1.8 mara 3 ni wati 5.4 za joto ndani ya kisanduku kidogo. Jumla inayovutwa kutoka saplai ni wati 36. Tulipofika hapo shemeji alitabasamu, kwa sababu dima ya kisasa anayoshauriwa kila mtu kuitumia, ile inayowasha na kuzima haraka haraka na huandikwa PWM, ikiwekwa nusu inavuta wati 36 vilevile. Inawasha ampea 6 kwa nusu ya muda, kwa hiyo wastani ni ampea 3 kwa volti 12. Hakuna miujiza ndani yake. Umeme ambao resista kubwa ingeuchoma ndani ya kisanduku, PWM inauacha uchomwe na zile resista ndogo zilizotawanyika kwenye utepe mzima.

Basi kwa nini nilikataa resista? Kwa sababu ya joto lililokusanyika mahali pamoja juu ya jasi, na kwa sababu kila unavyoshuka chini ndivyo sehemu ya umeme inayopotea ndani yake inavyokua: kwenye nusu ya mkondo inakula asilimia 15 ya kinachovutwa, kwenye sehemu ya kumi inakaribia asilimia 28. Tena mwanga hauendi sawa na mkono. Sehemu kubwa ya mzunguko haileti badiliko lolote, kisha kipande kidogo kinaleta badiliko lote. Lakini jambo kuu lilikuwa jingine. Hesabu ile ilikuwa imetuonyesha kwamba kuna njia ya tatu, inayozishinda zote mbili kwa ufanisi, na haikuhitaji kununua kitu.

Kama utepe unahitaji volti 10.2 tu kwa nusu ya mkondo, kwa nini tuupe 12 kisha tutafute pa kuzitupa zilizozidi? Tuipe saplai amri itoe pungufu tangu mwanzo.

Pawa saplai nyingi za aina ya sanduku la bati lenye matundu zina skrubu ndogo ya plastiki pembeni mwa vile vituo vya kufungia waya, mara nyingi yenye maandishi V ADJ. Wengi huipita bila kuiona. Ukiigeuza kwa bisibisi ndogo huku umeshika mita kwenye vituo vya kutokea, unaona volti zinapanda au kushuka, kwa kawaida kiasi cha asilimia 10 kila upande. Ya sebule hii ilishuka hadi 10.8 bila ubishi.

Volti 1.2 zinasikika kama kitu kidogo. Tazama zinachofanya. Vitaa vinaendelea kuchukua karibu volti 9, kwa hiyo punguzo lote linaangukia ile resista ndogo: badala ya volti 3 inabaki na kama 2 tu. Mkondo unafuata, unashuka hadi kama theluthi mbili. Roli iliyovuta ampea 6 kwa volti 12 sasa inavuta kama 4 kwa 10.8. Wati 72 zimekuwa 43. Umepunguza umeme kwa asilimia 40 na mwanga kwa kama theluthi moja tu. Zaidi ya hapo, vitaa vya LED hutoa mwanga mwingi kidogo kwa kila wati vinapopitishwa mkondo mdogo, na vikikaa baridi vinadumu. Sioni sababu ya utepe wa dari la nyumba kuishi kwenye volti 12 kamili ikiwa hakuna anayeuhitaji mwanga huo wote. Kwa maoni yangu hii ndiyo hatua ya kwanza katika nyumba yoyote yenye utepe mkali: shusha kilele kwanza kwa volti, dima ije baadaye kwa matumizi ya kila siku.

Na jicho halitalalamika. Uhusiano kati ya mwanga uliopo na mwanga unaoonekana haukai mstari mmoja. Kanuni inayotumiwa na wataalamu wa taa ni kipeo cha pili: mwanga ukishushwa hadi robo, jicho linauona kama nusu. Ukishushwa hadi theluthi mbili, unaonekana kama asilimia 82 hivi ya ule wa awali. Mama alisimama katikati ya sebule nilipogeuza skrubu akauliza kama nimeshaanza.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayofanya dima kuwa chombo cha kuokoa umeme kweli. Anayetaka sebule "nusu" ya jana hahitaji nusu ya wati. Anahitaji robo.

Baada ya hapo nilirudi kwenye waya, maana dima nzuri kwenye waya mbaya ni kazi bure. Roli mbili zilizoungwa mkia kwa kichwa zina tatizo linaloonekana kwa macho: upande wa mlangoni mweupe na mkali, upande wa dirishani hafifu. Shaba iliyo ndani ya utepe ni nyembamba kama karatasi, na mita 10 ni nyingi mno kwake. Kwa hesabu, mita 10 zingevuta ampea 12. Nilipopima zilikuwa 6 na ushehe, kwa sababu volti zilikuwa zikipotea njiani na vitaa vya mwisho vilikuwa vikiishi kwa makombo. Nilipeleka umeme pale roli mbili zinapokutana, kila moja ikalishwa kivyake kutoka katikati.

Pia niliihamisha pawa saplai ikawa karibu na makutano hayo. Waya ule wa 0.75 wenye mita 6, kwenda na kurudi ni mita 12, una ukinzani wa kama omu 0.29. Ukipitisha ampea 8 humo unapoteza zaidi ya volti 2, na wati 18 hivi zinapasha moto waya. Umeme wa nyumba, wenye volti nyingi na mkondo mdogo, unasafiri mita hizohizo kwa hasara isiyofaa kutajwa. Kwa hiyo safari ndefu ifanywe na umeme wa nyumba, safari fupi ifanywe na volti 12. Na waya huo mfupi nikaufanya wa milimita za mraba 2.5.

Kuna jambo kuhusu PWM na waya ambalo sijaliona likielezwa mara nyingi. Hasara ya waya hupanda kwa kipeo cha pili cha mkondo, kwa hiyo mtu angedhani ukishusha mwanga hadi robo hasara itashuka hadi sehemu ya kumi na sita. Haiwi hivyo. PWM inapowasha, mkondo unaopita ni uleule mkubwa. Kilichopungua ni muda. Hasara inashuka hadi robo tu. Ndiyo maana waya mwembamba unaendelea kuiba hata taa zikiwa zimefifishwa.

Dima yenyewe niliyochagua ni ya PWM, ya kuzungusha, inayobeba ampea 15 ingawa mzigo kwa hesabu ya juu ni ampea 8. Nafasi hiyo ya ziada inaifanya ikae baridi. Imekaa kati ya saplai na utepe, upande wa volti 12, karibu na saplai. Kilichoshuka ukutani ni waya wake mwembamba wa kitufe tu. Mahali pa dima ya zamani pakawekwa swichi ya kawaida inayokata umeme wa nyumba kabla haujafika kwenye saplai. Kazi ya upande huo ni ya fundi mwenye ujuzi, umeme mkuu ukiwa umezimwa. Upande wa volti 12 mtu makini anaweza kuufanya mwenyewe.

Vitu viwili niliviangalia kabla ya kuikubali dima hiyo. Cha kwanza ni kasi ya kuwasha na kuzima. Dima nyingi za bei nafuu, hasa zile za rangi nyingi zenye rimoti ndogo, huwasha mara mia chache tu kwa sekunde. Jicho halioni moja kwa moja, lakini wapo wanaoumwa kichwa, na ukipunga kalamu chini ya taa unaona kalamu nyingi zimejipanga badala ya ukungu mmoja laini. Mwongozo wa IEEE 1789 wa mwaka 2015, wa chama cha kimataifa cha wahandisi wa umeme, unasema taa inayozimika kabisa na kuwaka ihesabiwe ya hatari ndogo ikifanya hivyo kuanzia mara 1,250 kwa sekunde, na ikizidi 3,000 haitarajiwi kuwa na athari. Kuongeza kasi hakuongezi matumizi kwa kiasi cha kusumbua, kwa hiyo hakuna sababu ya kukubali dima ya polepole.

Cha pili ni mpangilio wa kitufe. Dima inayogawa mzunguko wake sawasawa, nusu ya kitufe ikiwa nusu ya umeme, inamnyima mtumiaji uchaguzi: kuanzia katikati hadi juu jicho halioni tofauti kubwa, na yote yanayopendeza yamebanwa kwenye kipande kidogo cha chini. Mtu akichoka kukitafuta kipande hicho anaacha kitufe juu. Dima inayofuata jicho, ambayo katikati yake ni kama robo ya umeme, inamfanya mtu atulie chini bila kulazimishwa. Nimeona hili likiokoa wati nyingi kuliko kitu chochote cha kielektroniki.

Namba za mwisho, basi. Kitufe kikiwa juu kabisa, roli zote mbili kwa volti 10.8 zinavuta hadi ampea 8, wati 86. Ukiitazama namba hiyo peke yake utasema nimeongeza matumizi, kwa kuwa zamani zilikuwa kama wati 75. Ni kweli, ila zamani nusu ya sebule ilikuwa gizani na hapakuwa na njia ya kushuka. Sasa jioni kitufe kinakaa katikati: wati 22 hivi upande wa utepe, mwanga sawa kutoka mlangoni hadi dirishani. Wakitazama filamu wanashuka hadi sehemu ya kumi, wati 9. Juu ya hizo ongeza kinacholiwa na saplai yenyewe, ambacho kwa asilimia ni kikubwa zaidi mzigo unapokuwa mdogo.

Niliomba pia mfereji wa dari upakwe rangi nyeupe ndani, maana ulikuwa wa mbao nyeusi na ulikuwa ukimeza mwanga kabla haujatoka.

Ubishi uliobaki ulikuwa wa simu. Binti wa nyumba alitaka taa ziwashwe kwa simu, na vifaa vya namna hiyo vipo. "Mama, siku hizi kila mtu anazima taa akiwa kitandani," alisema. Nilimweleza kwamba kifaa cha simu lazima kikae macho usiku na mchana kikisubiri amri, na saplai nayo lazima ibaki hewani ili kukilisha. Wati 1 isiyolala ni kilowati-saa 8.76 kwa mwaka. Utepe huu wenyewe, ukiwaka saa 4 kila jioni kwa wati 22, unakula kama 32. Yaani kusubiri tu kungekula zaidi ya robo ya kinacholiwa na mwanga. Umoja wa Ulaya, kuanzia Septemba 2021, unataka matumizi ya kusubiri ya taa yasizidi nusu wati, na mtu akipata kifaa kinachotimiza hilo hoja yangu inapungua nguvu. Hata hivyo saplai ya wati 200 ina kusubiri kwake pia. Mama aliamua swichi ya ukutani ibaki.

Saplai hiyo ni kubwa kuliko kazi yake sasa; mzigo wa wati 86 ungetoshwa na ya wati 120, na hiyo ingefanya kazi vizuri zaidi katika ule mwanga wa chini wa jioni. Sikumshauri ainunue. Tofauti ni ya wati chache, na iliyopo ni nzima, haivumi tena na haipati moto. Siku itakapokufa aweke ndogo yenye skrubu ya volti. Na utepe wenyewe ukichoka, basi achukue wa volti 24: mkondo unakuwa nusu, hasara ya waya inakuwa robo, na ikiwa ni ule unaofunga vitaa 7 katika kikundi kimoja, resista ndogo inabaki na volti 3 kati ya 24, nusu ya sehemu inayopotea kwenye utepe alionao leo.